"Huo unaingia tu": Ridhaa ya watu wawili na roho za wasiokuwepo

Wapo Waislamu wengi wanaoamini kwamba biashara ikishapata ridhaa ya pande mbili basi imekwisha. Muuzaji kataja bei, mnunuzi kakubali, pesa zimehesabiwa, kila mtu kashika njia yake. Hoja hii si ya kubeza. Qur'an yenyewe, katika Suratun Nisaa aya ya 29, imetaja kuridhiana kuwa ndio msingi wa biashara ya halali. Lakini hebu tujiulize: ziko bidhaa ambazo watu wawili hawana uwezo wa kuridhiana juu yake peke yao, kwa kuwa madhara yake hayaishii kwao? Nadhani zipo, na mfano ulio wazi kuliko yote ni usukani wa lori kuukuu.

Chukua lori la Bedford. Kiwanda chake cha Dunstable, Uingereza, kiliuzwa mwaka 1987, na zama za malori hayo zikafikia ukingoni. Mwenye Bedford anayebebea mchanga au nazi hawezi kuingia dukani leo akaagiza usukani mpya wa gari lake. Wa zamani umepasuka duara, au umelika pale katikati na sasa unacheza. Anakwenda Gerezani, Dar es Salaam, au Kirinyaga Road ya Nairobi, mtaa ambao wengi hata leo wanauita Grogan. Huko anakuta sukani zimetundikwa ukutani: za Isuzu, za Canter, za Hilux, nyingine zimeletwa kutoka Japani moja kwa moja, nyingine zimepitia kwenye masoko ya spea ya Sharjah. Anauliza kama upo utakaofaa. Muuzaji anautazama mmoja, anaushusha, anasema: "Huo unaingia tu."

Ndugu msomaji, tulipime neno hili. Kuingia ni nini? Usukani hukaa kwenye ncha ya shafti iliyochongwa meno madogo madogo mfano wa gia, na katikati ya usukani kuna tundu lenye meno yanayopokea yale, kisha juu hukazwa nati. Ili pawe na kuingia kwa kweli, idadi ya meno ilingane, kipenyo kilingane, na kama ncha imechongoka, basi na tundu liwe limechongoka kwa kiasi hicho hicho. Shafti nyingine zina jino moja pana kuliko wenzake, ili usukani usikae upande. Baada ya hapo ndipo tuzungumzie uzi wa nati, waya wa honi, na vile vijiti vinavyorudisha indiketa baada ya kona.

Yote haya hayaonekani kwa jicho la mtu aliyesimama kaunta. Meno yakipishana kidogo, usukani huweza kukaa na nati ikakaza vizuri kabisa pale gereji. Kinachoushika hapo ni nati. Meno yanasagana polepole, wiki hata miezi, mpaka siku dereva anakata kona na shehena mgongoni, mikono inazunguka na magurudumu yanaendelea kule yalikokuwa yakielekea. Wako mafundi wanaoziba nafasi kwa kipande cha bati la kopo. Wako wanaouchomelea usukani kwenye shafti moja kwa moja, chuma kinapata joto ambalo hakikuundiwa, na atakayekuja kuutoa baadaye hana njia ila kuukata.

Kuna na ukubwa. Malori ya zamani yasiyo na msaada wa haidroliki yalipewa sukani kubwa kwa sababu maalumu: upana ndio nguvu ya dereva. Ukiondoa usukani wa sentimeta 50 ukaweka wa sentimeta 38, dereva atahitaji nguvu iliyozidi kwa karibu theluthi moja ili kupata mzunguko ule ule. Usukani umeingia, lakini dereva ameongezewa mzigo ambao hatauona mpaka atakapolazimika kumkwepa mtoto barabarani.

Tena hata kile kinachoingia sawasawa kinaweza kuwa na siri. Sukani za magari ya karibuni huja na mfuko wa hewa ndani yake, ule unaofyatuka ajali inapotokea. Kampuni ya Takata ya Japani ilitengeneza vifyatuzi vya mifuko hiyo kwa kutumia naitreti ya amonia, kemikali ambayo baada ya miaka ya joto na unyevu ilikuwa ikilipuka kupita kiasi na kurusha vipande vya chuma kwa dereva. Kuanzia mwaka 2008 magari yalianza kuitwa yarudishwe, yakafika makumi ya mamilioni, na kampuni ikaomba kinga ya kufilisika mwaka 2017. Joto na unyevu ndiyo hali yetu ya pwani kila siku. Usukani wa namna hiyo ukifungwa kwenye lori lisilo na mfumo wa kuufyatua, hauna faida yoyote kwa dereva. Kabebeshwa kilipuzi kifuani.

Sasa turudi kwenye hukumu. Sheria yetu ya biashara haikumwacha mnunuzi hivi hivi. Kisa cha Mtume (saw) kutia mkono katika rundo la nafaka sokoni na kukuta chini limelowa kinajulikana na kila aliyekaa darsani: mwenye mali alitakiwa aweke wazi kile alichokuwa amekifunika. Mafaqihi wakampa mnunuzi khiyari ya aibu, yaani haki ya kurudisha bidhaa akigundua kasoro aliyofichwa. Na kwa upande wa fundi, imepokewa na Abu Daud kuwa anayejitia tabibu ilhali hajulikani kwa utabibu hubeba dhamana ya alichoharibu. Imepokewa pia kuwa Sayyidna Ali (ra) aliwadhaminisha mafundi mali za watu zilizoharibika mikononi mwao. Sioni kwa nini anayefunga usukani asipimwe kwa mizani hiyo.

Lakini khiyari humlinda mnunuzi aliyefichwa. Je, yule aliyeambiwa kila kitu? Muuzaji mkweli anasema: "Mzee, meno hayalingani, lakini fundi wako anaweza kuulazimisha." Mnunuzi anajibu: "Nipe, nitajua mwenyewe." Hapo aibu imetajwa, ridhaa imepatikana na khiyari imeanguka. Kama suala ni la watu wawili, limekwisha. Halikwisha, kwa kuwa wapakiaji watakaokaa juu ya mchanga, na mama anayeuza maandazi kwenye kona ya barabara, hawakuulizwa wala hawakuridhia. Mnunuzi hawezi kusamehe kwa niaba yao. Kwa maoni yangu muuzaji huyu, pamoja na ukweli wake wote, hajatoka kwenye dhima.

Najua jibu litakalokuja: "Wewe unaandika, sisi tuna watoto wa kulisha." Ni jibu zito. Lori lile linasomesha watoto, na umaskini si kosa la mtu. Wala sisemi kila spea ya kubahatisha ni haramu. Mpini wa kioo cha mlango ulazimishwe upendavyo, ukitoka mkononi utacheka na safari itaendelea. Usukani hauna nafasi hiyo. Na ukweli ni kwamba njia ya haki mara nyingi haina gharama kubwa kama inavyodhaniwa. Kama kilichopasuka ni duara tu na meno ya katikati ni mazima, usukani wa zamani hujazwa nyufa kwa gundi ngumu ya epoksi, ukapigwa msasa na kuendelea kutumika. Kama ni lazima kubadilisha, ufunguliwe ule wa zamani upelekwe dukani, meno yahesabiwe moja moja na matundu yalinganishwe kwa kipimo. Usipopatikana, fundi mchonga vyuma anayeijua kazi yake huweza kutengeneza kiungo chenye meno sahihi upande wa shafti, usukani mwingine ukafungwa juu yake kwa bolti.

Amebaki mtu mmoja ambaye huwa hatajwi kabisa: dereva. Mara nyingi si mwenye gari, hakuwepo dukani wala gereji, na alfajiri anakabidhiwa funguo. Huyu ana haki ya kuambiwa usukani umebadilishwa, umetoka gari gani na nani kaufunga. Fundi apige mstari mmoja wa rangi kutoka kwenye nati mpaka kwenye ncha ya shafti, na dereva afungue kifuniko cha honi kila wiki autazame. Mstari ukionekana umekatika, nati imetembea, na lori lisitoke siku hiyo.