Heshima ya Mwanamke Mweusi katika Uislamu



Katika Sura Al-Hujurat (49:12) Mwenyezi Mungu anawakataza waaminio kudharauliana. Kwanza anawataja watu kwa jumla, kisha anawataja wanawake mbali, kwamba nao wasiwadharau wanawake wenzao, kwani huenda wale wanaochekwa wakawa bora kuliko wanaocheka. Papo hapo anakataza kuitana kwa majina ya kejeli. Aya ya 14 ya Sura hiyo hiyo, isemayo kwamba mtukufu zaidi mbele ya Mungu ni yule amchaye zaidi, husomwa katika kila hotuba. Lakini hii ya 12 wengi huipita mbio kana kwamba ni adabu za watoto tu. Na ilhali mtu hanyang'anywi utu wake kwa upanga kwanza. Hunyang'anywa kwa kicheko, kwa picha na kwa jina. Silaha huja baadaye.

Tazama kisa cha mwanamke mmoja wa Kikhoikhoi wa Afrika Kusini, aliyejulikana kwa jina la Sara Baartman. Mwaka 1810 alichukuliwa kutoka Cape Town hadi London, akawekwa katika ukumbi wa maonesho mtaa wa Piccadilly. Watu walilipa kiingilio ili wayatazame maumbile yake, naye amevikwa vazi la kubana lenye rangi ya ngozi yake, ili aonekane kama aliye uchi. Wakampa na jina: "Venus wa Hottentot." Venus alikuwa mungu wa kike wa uzuri kwa Warumi wa kale, na Hottentot ni jina la dharau ambalo wazungu wa Cape waliwaita Wakhoikhoi. Basi jina zima lilikuwa mzaha. Uingereza ilikuwa imekwisha kupiga marufuku biashara ya watumwa tangu 1807, na wapinzani wa utumwa walilipeleka jambo lake mahakamani mwaka ule ule wa 1810. Mahakama ikaambiwa kwamba yupo kwa hiari yake na ana mkataba. Kesi ikaanguka, maonesho yakaendelea.

Mwaka 1814 alipelekwa Paris, na mwishoni mwa 1815 akafa. Hata kifo hakikumsitiri. Mtaalamu mashuhuri Georges Cuvier aliupasua mwili wake. Sanamu yake ikatolewa kwa plasta, na mifupa yake, ubongo wake na sehemu zake za siri vikahifadhiwa. Katika jumba la makumbusho la Paris watu waliendelea kumtazama hata miaka ya 1970. Mwaka 1994 Nelson Mandela aliomba arudishwe kwao. Alirudi mwaka 2002, akazikwa tarehe 9 Agosti. Hesabu mwenyewe: zaidi ya miaka 186 maiti ya binadamu ilikosa kaburi, na waliofanya hayo walijiita wastaarabu.

Sasa nakuomba uweke kando ya kisa hiki kisa kingine, kilichopokewa katika Sahihi Bukhari. Siku moja Ibn Abbas r.a. alimwuliza Ata bin Abi Rabah kama anataka aoneshwe mwanamke wa peponi. (Ata huyu naye alikuwa mtu mweusi, na ndiye aliyekuwa mwanachuoni mkubwa wa Makka katika zama zake.) Akamwelekeza kwa mwanamke mmoja mweusi. Mwanamke huyo alikuwa na kifafa. Alikuwa amekwenda kwa Mtume Mtukufu s.a.w. akaeleza kwamba anapoanguka hufunukwa nguo, akaomba aombewe dua. Mtume s.a.w. akampa hiari: avumilie, naye atapata pepo, au aombewe apone. Akachagua kuvumilia, ila akasema, aombewe asifunukwe. Mtume s.a.w. akamwombea hilo.

Ewe mtafuta haki, mwanamke mweusi mgonjwa alikuwa na ombi moja tu juu ya mwili wake: kwamba usionekane. Nabii wa Mungu akaliinua ombi hilo mbinguni. London na Paris, miaka elfu na mia mbili baadaye, mwanamke mweusi mwingine alifunuliwa kwa fedha akiwa hai na kwa elimu akiwa mfu. Ni wapi palipokuwa na giza?

Pengine utasema kwamba hayo ni ya zamani. Lakini mwaka 1940 Hattie McDaniel, Mmarekani mweusi wa kwanza kupata tuzo ya Oscar, aliipata kwa kuigiza mtumishi wa nyumba ya mzungu, na usiku wa tuzo alikalishwa kwenye meza ya pembeni, mbali na waigizaji wenzake. Na ni wangapi miongoni mwetu waliofundishwa utotoni kwa picha ambazo ndani yake malaika wote ni weupe, na mweusi ni Shetani peke yake?

Hapa huulizwa swali, nalo ni swali la haki: je, Kurani Tukufu yenyewe haisemi kwamba Siku ya Kiyama nyuso nyingine zitakuwa nyeupe na nyingine nyeusi (3:107)? Jibu limo ndani ya Kurani yenyewe. Katika Sura An-Nahl (16:59) inaelezwa habari ya mshirikina wa Kiarabu anayeletewa habari kwamba amezaliwa binti: uso wake huwa mweusi naye amejaa huzuni. Mtu huyo hakubadilika rangi ya ngozi. Ni fedheha aliyoihisi ndiyo iliyotajwa hivyo, kwa desturi ya lugha yake. Sisi nasi husema uso wa mtu umesawijika, na huku msemwaji ni mweusi tangu kuzaliwa. Ajabu ni kwamba mwenye uso mweusi katika aya ile ni yule anayemwonea haya mtoto wa kike! Ama rangi zenyewe, Mungu ameziita Ishara Zake (30:23).

Tena, Mwenyezi Mungu alipotaka kuwapigia mfano waaminio wote, wanaume kwa wanawake, aliwataja wanawake wawili: mke wa Firauni na Mariamu (66:12-13). Sheikh mwenye ndevu nyeupe ameamrishwa ajifananishe na mwanamke. Dunia inayodai kumtukuza mwanamke kwa kumchora juu ya kila tangazo la sabuni bado haijafika hapo.

Mji wa London nao una habari nyingine. Msikiti wa Fazl, uliowekewa jiwe la msingi mwaka 1924 na kufunguliwa 1926, ulijengwa kwa michango ya wanawake Waahmadiyya wa Bara Hindi, iliyokusanywa kwanza kwa ajili ya msikiti wa Berlin. Wengi wao hawakuwa na mali ila vipuli na bangili zao. Katika mji ule ule ambamo mwanamke wa rangi aliwekwa atazamwe, wanawake wa rangi waliweka nyumba ya kumwabudia Mungu, nao wenyewe hawakuonekana.

Walakini tusiwanyoshee kidole wengine tu. Waislamu wa pwani yetu waliuza watu, na soko la Zanzibar lilifungwa mwaka 1873 kwa shuru ya mataifa mengine. Hata leo mposaji huuliza kwanza kama binti ni mweupe, na binti hujipaka mkorogo wenye zebaki hata figo zikaharibika. Nani amemfundisha kwamba ngozi aliyopewa na Muumba wake ni kosa la kusahihishwa? Hakusoma katika Kurani. Amefundishwa na picha, na mara nyingi na shangazi zake.

Sahaba mkubwa Abu Dharr r.a. naye aliteleza. Aligombana na mtu akamtukana kwa mama yake, ambaye hakuwa Mwarabu. Wengine wamepokea kwamba alimwita mwana wa mwanamke mweusi. Mtume s.a.w. alimwambia kwamba bado ndani yake umo ujahili, na akaamrisha kwamba mwenye mtumishi amlishe anachokula na amvike anachovaa yeye mwenyewe. Miaka mingi baadaye msafiri mmoja alimkuta Abu Dharr huko Rabadha, yeye na mtumishi wake wamevaa mavazi ya namna moja. Akamwuliza sababu, naye Abu Dharr akamsimulia habari ile ya tusi.