Kununua kwa Jirani Wakati wa Noeli: Ni Msaada ao Ni Haki?



Kila mwaka, sikukuu za Noeli na Bonane zikikaribia, tunasikia neno moja katika Bulengera: "Tununue kwa watu wetu, tuwasaidie." Ni neno zuri. Lakini tunapenda kuuliza jambo ambalo watu hawaliulizi. Ukinunua kwa fundi wa kushona wa mtaa wako, ao kwa mama anayeuza nyanya kando ya barabara, unamsaidia ao unamlipa? Mambo hayo mawili si sawasawa. Anayesaidia huchagua mwenyewe saa na kiasi. Anayelipa hana la kuchagua, sababu feza ile ni mali ya mwingine.

Kwanza tuone "watu wetu" ni nani. Wafanyabiashara wakubwa wa Butembo husafiri mpaka Dubai na Guangzhou, na mizigo yao hupita Mombasa na Kampala mpaka kuvuka mpaka wa Kasindi. Shati limeshonwa China, lakini anayeliuza ni mtoto wa hapa. Tena wazee wanajua kwamba wakati serikali ilikuwa mbali, wafanyabiashara hao walitoa feza yao kutengeneza barabara. Tutamwitaje mtu huyo mgeni? Basi kusema wenyeji kwa upande mmoja na wageni kwa upande mwingine hakutufikishi mbali.

Inchi yetu imekwisha kujaribu njia hiyo. Tarehe 30 Novemba 1973 Rais Mobutu alitangaza kwamba biashara za wageni zitapewa raia. Wengi waliozipokea hawakuwa wamezitolea jasho. Waliuza vitu vilivyokuwa ndani, wakala feza, rafu zikabaki tupu, na mwaka 1976 serikali ilianza kuwarudishia wageni sehemu ya mali yao. Mwenyeji alipewa duka kama zawadi, na zawadi ile haikumjenga. Mtu wa biashara hujengwa na mteja anayelipa.

Na hapo ndipo tunaona tofauti kati ya mkubwa na mdogo. Ndani ya magazini kubwa mtu huuliza bei, anaambiwa, anatoa dola, anakwenda. Akifika kwa fundi, tabia yake inageuka. Tuseme fundi anaomba franka 15.000 kwa kushona nguo ya mtoto. Ndani ya hizo mna uzi, vifungo, kodi ya nyumba, kodi ya soko, na siku nzima ya mikono yake. Mteja anasema 7.000. Anasema kitambaa ni kibaya, anasema fundi mwingine ni hodari zaidi, anasema "si sisi ni ndugu wa kanisa moja?" Kitabu cha Methali, sura ya 20, kinamjua mtu huyo: anakidharau kitu mbele ya mwenye kukiuza, kisha anakwenda zake akijisifu.

Hatusemi kupatana bei ni zambi. Sokoni kupatana ni kama kusalimiana, na muuzaji naye anajua kuanza juu. Lakini kuna mahali ambapo kupatana kunakwisha na kitu kingine kinaanza. Tumewaona watu wanaongoja jioni ya tarehe 24 Desemba kwa makusudi. Wanajua kwamba mama aliyeleta kabichi na vitunguu kutoka milima ya Lubero hawezi kuvirudisha usiku, na kwamba kesho yake soko halina watu. Wanampa nusu ya kile alicholipa yeye mwenyewe shambani. Wanaita hiyo akili. Sisi tunaona ni kumnyanganya mtu kwa kutumia saa badala ya fimbo.

Mbaya kuliko bei ni deni. Mtu akiwa na feza kidogo, huipeleka mahali asipojulikana, sababu pale hawamkopeshi, na kwa ndugu yake anachukua bure kwa neno la "nitaleta." Kwa hiyo urafiki, ambao ungepaswa kumletea fundi feza ya kwanza, unamletea ahadi ya mwisho. Noeli inapita, Bonane inapita. Januari fundi hawezi kutoa mchango wake wa likelemba, na wenzake wanamwona kuwa mwizi. Shule ya msingi ya serikali ilifanywa ya bure tangu 2019, lakini mtoto wake wa sekondari anarudishwa nyumbani.

Halafu anakuja kwetu sisi mashemasi. Hapo ndipo swali letu linakuwa zito. Tunaokusanya sadaka tunajua nani anapiga hodi katika Januari: mara nyingi ni mama aliyeuza mkate na mandazi sikukuu nzima, na daftari lake limejaa majina ya watu wa ibada ileile. Tunatoa kitu kidogo katika kikapu, tunampa, na watu wanasema kanisa lina huruma. Lakini ile ilikuwa feza yake. Ilipaswa kumfikia Desemba, kwa jina la malipo. Imemfikia Januari kwa jina la msaada, ikiwa imepungua, na yeye amepiga magoti kuipokea. Sheria ya Musa ilikataza mshahara wa kibarua kulala usiku mmoja kwa bwana wake. Sisi tunaulaza mwezi mzima, kisha tunaurudisha kama zawadi.

Wengine watasema: "Na sisi ni maskini, tununue wapi kama si pale pa bei ya chini?" Ni kweli. Mjane anayevalisha watoto watano kwa nguo zilizokwisha kuvaliwa Ulaya, za kuchagua kwenye lundo, hatuna neno juu yake. Anayeziuza naye ana watoto. Tunasema na yule aliye na feza mfukoni.

Tukumbuke pia nani ameketi sokoni siku hizi. Tangu Oktoba 2014, mauaji ya Beni yamewafukuza watu wengi kutoka mashamba yao, na katika 2024 vita vya M23 vilipofika Kanyabayonga, wengine walikimbia kutoka kusini mwa Lubero. Mwenyeji wa zamani akipoteza mtaji, pengine ana shamba la baba. Mkimbizi mtaji wake ni beseni moja la ndizi. Deni la franka 5.000 linatosha kumfunga.

Mafundi nao wasifurahi haraka. Fundi anayepokea vitambaa vya watu thelathini, akijua mashine yake inaweza kumaliza kumi na tano, naye anachukua mali ya mwingine. Mtoto anakwenda kuimba asubuhi ya Noeli na nguo ya mwaka jana, kitambaa kipya kikiwa bado mezani. Afazali aseme mapema mwezi wa Desemba, "Kazi imejaa," mzazi atafute kwingine. Na mzazi anayeleta kitambaa kipya mwaka huu, alete pamoja nacho ile feza ya mwaka jana. Daftari bado liko, na fundi anajua ukurasa.