Mtoto Anayeiba kwa Mzaha Anadaiwa Nini?

Vijana watatu wa miaka 15 wanaingia butike moja kisiwani Idjwi. Mmoja anauliza bei ya sabuni, mwingine anasimama mlangoni, wa tatu anasokomeza pakiti mbili za biskuti ndani ya shati. Hawana njaa, wamewekeana dau tu kuona nani ana moyo. Muda si mrefu wanakula huku wakicheka kando ya ziwa, na kabla ya magharibi mwenye duka amekwisha kujua ni akina nani, maana kisiwani kila mtu anamjua mtoto wa kila mtu. Mfano huu nimeubuni, lakini hakuna mkazi wa kandokando ya Ziwa Kivu atakayeuona mgeni. Kwamba vijana hao wamekosa, halina mjadala. Mjadala ni juu ya kile wanachodaiwa, na nani anawadai. Hoja yangu ni kwamba mzaha haupunguzi hata senti moja katika deni lao, kwamba umri ndio unaowatoa katika adhabu, na kwamba tukiyachanganya mambo haya mawili tunaishia kumwonea mtoto na kumdhulumu mwenye duka kwa mkupuo mmoja.

Tuanze na sheria, kwa kuwa hapo ndipo wengi hujikwaa. Kanuni ya Adhabu ya Kongo, iliyojengwa juu ya dekreti ya tarehe 30 Januari 1940, inamwita mwizi, katika kifungu chake cha 79, yule anayechukua kwa hila kitu kisicho chake, na kifungu kinachofuata kinaruhusu kifungo cha hadi miaka mitano kwa wizi usiotumia nguvu wala vitisho. Udogo wa kitu haumwokoi mtu. Biskuti nazo ni mali. Anachokitafuta hakimu ni nia ya kujifanya mwenye mali. Kijana anayeficha baiskeli ya rafiki yake nyuma ya nyumba ili amwone akihangaika, kisha akairudisha, hana nia hiyo. Amefanya utani, pengine utani mbaya, lakini hakuiba. Waliokula biskuti hawana kinga hiyo, kwani walizitumia kama zao na kilicholiwa hakirudi. Kicheko ndicho kilichowasukuma, lakini nia yao ilikuwa kuchukua. Sheria huyatenganisha mambo haya, nami naona inafanya vyema: kinachomsukuma mtu kinabaki moyoni mwake, ilhali nia ya kuchukua inamfikia mwenye duka mfukoni, na mfuko wake haujui kama aliibiwa na mwenye huzuni au mwenye furaha.

Kinachoibadilisha kesi ni umri. Nchi ilipokuwa bado inaitwa Zaire iliridhia Mkataba wa Haki za Mtoto, mwaka 1990, na Sheria namba 09/001 ya tarehe 10 Januari 2009 ikaja kuweka mipaka wazi. Aliye chini ya miaka 14 hahesabiwi kabisa kuwa na hatia ya jinai, na hakuna ushahidi unaoweza kulipindua hilo. Mwenye miaka 14 na kuendelea, ambaye hajafika 18, anapelekwa kwa hakimu wa watoto, kesi ikisikilizwa faraghani, na huyo hampi kifungo cha mtu mzima bali anamwekea hatua za malezi: kumkaripia na kumrudisha kwa wazazi, kumkabidhi kwa familia ya kuaminika, au kumweka katika kituo. Kenya ilipandisha umri wa kuwajibika kijinai kutoka miaka 8 hadi 12 mwaka 2022 tu; England na Wales bado ziko kwenye 10. Kongo, ambayo tumezoea kuisikia mwishoni mwa kila orodha, hapa imetangulia, na ni haki kuitaja inapotangulia.

Hata hivyo, wapo waliofikiri kwa kina na kuona mzaha si jambo jepesi hata kidogo. Agostino, aliyezaliwa Thagaste katika Algeria ya leo mwaka 354, aliutumia sehemu kubwa ya kitabu cha pili cha Maungamo yake kuuchambua wizi wa mapeari alioufanya na wenzake akiwa na miaka 16. Hakuwa na haja ya matunda hayo, kwani alikuwa na mazuri kuliko hayo, na waliyoyaiba waliwatupia nguruwe. Kilichomtesa ni kwamba hakuona faida aliyoitafuta: mwenye njaa anatamani chakula, yeye alitamani kosa lenyewe. Ukimfuata hadi mwisho, vijana wetu wa Idjwi ni wabaya kuliko mama anayechimba mihogo ya jirani usiku ili wanawe walale wameshiba. Nusu ya hoja hiyo naikubali: mama yule ana udhuru, vijana hawana. Lakini Agostino aliandika akiwa askofu aliyekwisha kupita miaka 40, akijihukumu mwenyewe mbele ya Mungu wake, na anayejihukumu ana ruhusa ya ukali ambayo hakimu wa mtoto wa mwenzake hana. Tena yeye mwenyewe alisema kwamba angekuwa peke yake asingeiba. Wanaomnukuu kwa ajili ya ukali hupita haraka hapo, na mimi naona hapo ndipo penye uzito. Kama mtoto asingethubutu bila macho ya wenzake, basi kitendo kile kinatuambia mengi kuhusu kundi na machache kuhusu yeye. Ni ushahidi wa kutosha kumdai biskuti. Kutabiri kwamba atakuwa mwizi maisha yake yote kunahitaji ushahidi mwingine.

Kwamba deni na adhabu ni vitu viwili haikugunduliwa na wabunge wa Kinshasa. Fikihi ya madhehebu ya Shafii, inayofuatwa pwani yote ya Waswahili, inamwondolea mtoto asiyebaleghe dhambi na adhabu ya wizi, lakini mali ya watu aliyoiharibu au kuila inalipwa kutoka katika mali yake yeye mtoto, walii wake akisimamia. Mpaka wao wa umri ni tofauti na wa sheria ya Kongo, maana kwa Shafii aliyetimiza miaka 15 amekwisha kuingia utu uzima hata kama dalili nyingine hazijaonekana. Ninachokitazama mimi ni huo mgawanyo. Torati nayo, katika Kutoka 22, inamtaka mwizi aliyechinja au kuuza ng'ombe alipe watano kwa mmoja, na kondoo wanne kwa mmoja, na malipo yanakwenda kwa mwenye mifugo. Zakayo, katika Luka 19, hakusubiri hukumu ya yeyote. Aliahidi kuwarudishia mara nne aliowapunja. Mapokeo haya hayafanani katika mengi, lakini yote yanamtazama aliyepungukiwa kabla ya kumtazama mkosaji.

Sasa turudi kisiwani, tuone nani anatazamwa kwanza. Idjwi ni wilaya ya Kivu Kusini yenye sheferi mbili, yaani maeneo ya machifu, Rubenga kaskazini na Ntambuka kusini, na makao yake makuu ni Bugarula. Sheria ya 2009 inataka mahakama ya watoto katika kila wilaya na kila mji, lakini kwa mtu wa Idjwi kesi ya namna hii kwa kawaida maana yake ni Bukavu, na Bukavu ni safari ya boti. Nauli ya mlalamikaji, ya mtoto na ya mzazi wake, pamoja na siku za kazi zilizopotea, inaimeza bei ya biskuti mara nyingi. Tangu waasi wa M23 walipoiteka Bukavu Februari 2025 na shughuli za mahakama za serikali mjini kuvurugika, njia hiyo imekuwa ngumu zaidi. Zinabaki njia za karibu. Ya kwanza ni kelele ya mwizi, ambayo katika vitongoji vya Bukavu imewahi kumaliza maisha ya watu kabla hakimu hajasikia lolote. Sioni haja ya kuijadili kama hoja. Ya pili ni kasho ya polisi: mtoto analala na watu wazima hadi baba aje na amande, yaani faini, ingawa Katiba ya 2006 inawekea kizuizi cha polisi mpaka wa saa 48 na sheria ya watoto inakataza kuwachanganya. Amande ikilipwa inabaki ofisini, mwenye duka anaondoka mikono mitupu, na kijana anajifunza kwamba kosa lina bei na baba ndiye mlipaji. Hata kifungu cha 260 cha Kanuni ya Madeni, kinachomtwika mzazi hasara iliyoletwa na mtoto anayeishi naye, kinamsaidia mwenye duka lakini hakimgusi kijana. Ya tatu ni wazee na chifu wa kijiji, na huko ndiko ninakotaka kukaa, kwa sababu sheria ile ile ya 2009 imefungua mlango wa usuluhishi kati ya mtoto na aliyekosewa kwa makosa yasiyo mazito. Kijana aende butikeni mwenyewe, aseme alichofanya, alipe kwa fedha aliyoitafuta au kwa kazi ya siku kadhaa, kubeba mizigo kutoka bandarini au kupalilia kahawa, mbele ya mtu aliyemcheka.

Wapo watakaosema huo ni ulegevu. Wamefundishwa shuleni methali ya Kifaransa kwamba mwizi wa yai ndiye mwizi wa ng'ombe, na nyumbani wameambiwa samaki mkunje angali mbichi. Methali ya yai inatabiri, na utabiri unaweza kupimwa. Marvin Wolfgang na wenzake walichapisha mwaka 1972 utafiti wao juu ya wavulana 9,945 waliozaliwa mwaka 1945 na kukulia Philadelphia. Kiasi cha asilimia 35 walikuwa wamekamatwa au kuandikwa na polisi angalau mara moja kabla ya kutimiza miaka 18. Lakini karibu nusu ya hao hawakuandikwa tena kamwe, na zaidi ya nusu ya makosa yote yalifanywa na wavulana 627 tu. Philadelphia si Idjwi, na polisi wa kule hawaandiki kama wa huku, lakini takwimu hizo zinatosha kuivunja hakika ya methali. Wezi wengi wa yai waliishia kwenye yai. Kumfungia mtoto pamoja na wezi wa ng'ombe, hapo ndipo methali inapopata nafasi ya kujitimiza. Na samaki? Usuluhishi ninaousema unamkunja. Kukabiliana na jirani uliyemwibia, katika kisiwa ambacho utakutana naye kanisani Jumapili na sokoni siku ya soko, ni kugumu kuliko usiku mmoja wa kasho unaoweza kusimulia kwa majivuno.

Pingamizi jingine linatoka kanisani, na nalo ni zuri: kama Mungu anasamehe bure, kwa nini tumdai mtoto? Lakini mchungaji hana biskuti za kusamehe. Mwenye duka peke yake ndiye anayeweza kulifuta deni, na hawezi kulifuta kwa hiari kama hakuna aliyekuja kulikiri. Kumshinikiza asamehe kabla hajalipwa, kwa kuwa, tuseme, ni mama mjane na familia ya kijana inaheshimika parokiani, ni kumwibia mara ya pili. Akiulizwa kwa utulivu, akaona juhudi za kijana na kusema yaishe, hiyo ni neema yake mwenyewe na hakuna aliyeinyang'anya.

Pingamizi zito zaidi ni lile linalohusu wazee wenyewe. Usuluhishi wa kijijini hupima watu kabla ya kupima makosa. Watu wa jamii ya Bambuti wa Idjwi, ambao wengi wao hawana ardhi na wanaishi kando ya mashamba ya wengine, ni wepesi wa kushukiwa ndizi zinapopotea, na mtoto wao akisema alikuwa anatania nani atamsikiliza? Utani wa mtoto wa mwalimu ni utani. Wa mtoto wa Mbuti ni tabia ya kwao. Sina jibu linaloliondoa tatizo hili lote, ila naona mgawanyo niliouanza nao unalipunguza. Adhabu inapimwa kwa kumtazama mkosaji, na hapo dharau hupata pa kuingilia. Deni linapimwa kwa kitu kilichochukuliwa, na pakiti mbili za biskuti zina bei moja kwa kila mtoto. Kwa hiyo makubaliano yaandikwe: kitu, bei yake, kazi iliyokubaliwa na siku yake ya mwisho, majina yasitangazwe, na nakala ihifadhiwe ili hakimu wa watoto, atakapofikika, aweze kulinganisha mtoto huyu alidaiwa nini na yule alidaiwa nini. Na mtoto yeyote anayekana kwamba alichukua abaki na haki ya kukataa baraza na kumdai hakimu, kwa kuwa usuluhishi ni wa kulipa deni lililokubaliwa. Kama alichukua au hakuchukua, hilo ni swali la ushahidi, na wazee wanaomjua baba yake tangu utoto ndio watu wa mwisho wa kuachiwa walijibu peke yao.