Mhandisi Muuzaji

Wahenga walisema kwamba kizuri chajiuza, kibaya chajitembeza. Methali hii ni kweli kwa embe, kwa leso na kwa mbuzi. Embe bivu humwita mnunuzi kwa harufu yake, leso nzuri huyavuta macho kwa rangi zake, na mbuzi mnono hupapaswa mgongo akajulikana. Lakini methali hiyo hiyo humtia mashakani mtu mmoja ambaye kazi yake imekua pamoja na mitambo ya dunia yetu. Mtu huyo ni mhandisi muuzaji. Amesoma hesabu na fizikia kwa miaka mingi, kisha badala ya kujenga madaraja huenda kwa watu akawashauri wanunue pampu, jenereta, mashine za hospitali, mitambo ya viwanda au programu za kompyuta. Yeye hutembeza bidhaa. Je, bidhaa yake ni mbaya kwa kuwa inatembezwa? Na yeye mwenyewe ni nani: mjuzi asemaye kweli, au mchuuzi asifuye mali yake? Nataka, msomaji, tuyapime maswali haya pamoja, kwa maana huenda kesho kazi hii ikawa yako.

Jibu la swali la kwanza ni jepesi kidogo. Mtambo hauna uzuri wa peke yake. Uzuri wa mtambo ni kama uzuri wa ufunguo, haujulikani mpaka umefikishwa mbele ya kufuli. Pampu iliyo neema kwa kisima kimoja yaweza kuwa balaa kwa kisima cha pili. Kitu cha namna hii hakiwezi kujiuza, hata kiwe bora namna gani. Chahitaji mtu aujuaye ufunguo na aijuaye kufuli pia, na mtu huyo ndiye mhandisi muuzaji. Kwa hiyo kutembea kwake si dalili ya ubaya wa bidhaa. Hutembea ili akaione kufuli.

Tuweke mfano. Shule moja ya bweni ina wanafunzi 600 na kisima kirefu kilichotobolewa kwa mashine. Kutoka usawa wa maji kisimani hadi mdomo wa tangi ni mita 80. Kisima kimepimwa, na kimeonekana kuwa hutoa lita 3,000 kwa saa bila ya kukauka. Wakuu wa shule wameiona mahali pengine pampu itoayo lita 6,000 kwa saa, nao waitaka kama hiyo. Fedha wanazo, zimechangwa na wazazi kwa taabu. Mhandisi hukaa kitako akapiga hesabu. Kila mwanafunzi akipewa lita 20 kwa siku, shule yahitaji lita 12,000. Pampu ndogo ya lita 2,000 kwa saa, ikiendeshwa kwa umeme wa jua muda wa saa 6, hutoa lita 12,000 hizo hizo. Kupandisha lita 2,000 za maji mita 80 kwa muda wa saa moja kwahitaji wati 436. Wewe mwenyewe waweza kuihakikisha hesabu hii kwa kitabu chako cha fizikia. Kwa kuwa pampu na mota yake hupoteza sehemu ya nguvu njiani, atazidisha kiasi hicho mara mbili au zaidi kabla ya kuchagua paneli. Na kwa kuwa mawingu hayaombi ruhusa, atashauri tangi kubwa la kuweka akiba.

Sasa itazame ile pampu kubwa. Ingeyanyonya maji upesi kuliko kisima kiwezavyo kuyarudisha. Maji yangeshuka, pampu ingezunguka pakavu, na kama haina kifaa cha kuizima ingeungua. Lakini bei ya pampu kubwa ni kubwa, na malipo ya muuzaji aghalabu hukua pamoja na bei. Wanunuzi wenyewe wameiomba. Hakuna aliyewadanganya. Mhandisi angeweza kutia sahihi, akapokea sehemu yake, akaenda zake nyumbani kwa furaha. Hapa ndipo kazi hii inapoacha kuwa ya mikono na kichwa tu, ikawa ya moyo.

Kabla ya kuutazama moyo, tutaje kwa ufupi mambo mengine ambayo kazi hii huyataka. La kwanza ni elimu. Mhandisi muuzaji asiyejua uhandisi ni mpiga debe aliyevaa tai. Hapa Kenya, Sheria ya Wahandisi ya mwaka 2011 iliunda Bodi ya kuwaandikisha wahandisi na kuwachunga, kwa sababu jina la mhandisi ni ahadi kwa watu wote. La pili ni ulimi. Atazungumza asubuhi na fundi atakayeushika mtambo, adhuhuri na mhasibu atakayeulipia, na jioni na mkuu atakayeutolea idhini, na kila mmoja ataka lugha yake, ingawa kweli ni moja. La tatu ni subira, kwani mtambo mkubwa hauuzwi kwa siku moja kama mboga. Mazungumzo huenda miezi, na baada ya miezi hiyo huenda mnunuzi akasema hapana.

La nne ni sikio, nalo naliweka juu ya ulimi. Mnunuzi husema atakacho, lakini mara nyingi hasemi ahitajicho, kwa sababu hakijui. Katika sehemu nyingi za Bonde la Ufa maji ya chini ya ardhi yana floridi kupita miligramu 1.5 kwa lita, kiasi ambacho Shirika la Afya Duniani limekiweka kuwa mpaka. Floridi ikizidi huharibu meno ya watoto, na ikizidi sana huharibu hata mifupa. Mnunuzi aulizaye pampu hakuuliza habari za meno. Mhandisi mwema humwuliza yeye: je, maji haya yamepimwa? Swali hilo laweza kuuchelewesha uuzaji mwezi mzima, na laweza kuuvunja. Hata hivyo ni lazima liulizwe.

Mtu mmoja atasema: "Kunyamaza si kudanganya. Katika mnada wa mbuzi, muuzaji hatangazi kwamba mbuzi wake ana kikohozi. Mnunuzi ana macho yake, na mwenye macho haambiwi tazama." Hoja hii ina nguvu, lakini nguvu zake huishia mnadani. Pale muuzaji na mnunuzi wote wawili wamekua na mbuzi. Kila mmoja aweza kufungua kinywa cha mnyama akahesabu meno. Mbele ya mtambo hali si hiyo. Mmoja anaona na mwingine haoni. Mwalimu mkuu hawezi kuifungua pampu akaisoma kama aisomavyo ripoti ya mtihani. Ameazima macho ya mhandisi. Aliyeazimwa macho akinyamaza penye shimo, amemsukuma mwenziwe shimoni. Kwa hiyo ujuzi wa mhandisi ni amana ya mnunuzi, na kuificha amana ni sawa na kuila.

Hii haina maana kwamba mhandisi hana siri. Hawajibiki kumwambia mnunuzi kampuni yake ilinunua mtambo kwa kiasi gani, wala faida yake ni ngapi, wala kufichua uvumbuzi ambao bado haujatoka kiwandani. Mambo hayo ni ya mwajiri, na mtumishi mwaminifu huyahifadhi. Siri ni kile ambacho mnunuzi hadhuriki kwa kutokijua. Hadaa ni kile ambacho kutokijua kwake ndiko kunakomfanya anunue. Mpaka huu ni mwembamba pengine, lakini upo, na mtu asiyeuona hafai kwa kazi hii.

Mhandisi muuzaji basi huvaa kofia mbili, ya ujuzi na ya biashara. Hatari yake ni siku ile atakapoambiwa avue moja. Jambo hili lilitokea Marekani mwezi Januari mwaka 1986. Wahandisi wa kampuni iliyotengeneza roketi za kukirushia chombo cha angani Challenger walionya kwamba mipira ya kuziba viungo vya roketi hizo haikuaminika katika baridi kali, na baridi kali ilitazamiwa asubuhi ya safari. Roger Boisjoly alikuwa mmoja wa walioshikilia onyo hilo. Mteja wao, shirika la serikali la safari za anga, hakupendezwa na shauri la kungoja. Katika mashauriano ya usiku ule mkuu mmoja wa kampuni alimtaka mkuu wa wahandisi avue kofia ya uhandisi, avae ya uongozi. Alikubali, na kampuni ikatoa idhini. Kesho yake, tarehe 28 Januari, chombo kilisambaratika sekunde 73 baada ya kuruka, na watu 7 waliokuwamo wakafa. Baridi haikujua ni kofia gani iliyokuwa kichwani mwa nani.

Hoja iliyo ngumu kuliko zote ni ya njaa. Mhandisi akisema kweli, mshindani wake akasema uongo, mshindani atauza. Mwisho wa mwezi mmoja atakuwa na ada ya watoto wake, na mwingine hatakuwa nayo. Sitakudanganya, msomaji, kwamba jambo hili halitokei, wala kwamba kweli hulipa sikuzote. Wako watu waliosema kweli wakapoteza kazi, na hakuna aliyewarudishia. Ninalosema ni hili: uongo nao una bei, ila mlipaji wake ni mtu mwingine. Ukiuza pampu isiyofaa, ada ya watoto wako imetoka katika mifuko ya wazazi 600, na watoto wao watachota maji mtoni. Aulizaye kama aweza kuumudu ukweli, na ajiulize pia nani ataugharimia uongo wake.

Yawezekana kuzipatanisha faida na kweli. Mwaka 1775 Matthew Boulton na James Watt waliungana katika biashara ya injini za mvuke huko Uingereza. Injini ya Watt ilikula makaa ya mawe machache sana kuliko injini ya zamani ya Newcomen. Malipo waliyoyataka kwa wenye migodi yalikuwa theluthi moja ya thamani ya makaa yaliyookolewa. Injini isipookoa kitu, wao hawapati kitu. Baadaye ugomvi ulizuka, kwani wapo wenye migodi waliochoka kulipa. Lakini shauri lenyewe lilikuwa la insafu, kwa sababu muuzaji alikula tunda pale tu mnunuzi alipokuwa amevuna.

Kinyume chake ni bahasha ipitishwayo chini ya meza. Sheria ya Rushwa ya Kenya ya mwaka 2016 humhesabu mtoaji kuwa mkosaji sawa na mpokeaji. Hata bila ya sheria, akili yatosha kutuonya: mtambo ulionunuliwa kwa rushwa haukupimwa mbele ya kufuli yake. Ulipimwa mbele ya mfuko wa mtu.

Kijana uketiye leo darasani ukisumbuliwa na milinganyo, huenda siku moja ukasimama mbele ya watu waliochanga fedha zao, mkononi una kalamu, na karatasi ya mauzo i mezani. Watakuamini kwa kuwa umesoma. Utakuwa na neno moja ambalo hakuna mwingine chumbani awezaye kulisema: "Hiki hakiwafai." Wahenga walisema kizuri chajiuza. Mtambo hauwezi, lakini mtu aweza kujulikana kwa kauli yake, na wauzao kweli huitwa tena. Na hata wasipoitwa, maji yatakuwa yanatoka bombani.