Walionyamaza Wana Kosa?

Mwenye kusema uongo anakosa. Jambo hilo halina mashaka. Lakini yule anayenyamaza kwa sababu wenzake wote wamenyamaza, je, naye anakosa? Wengi hujibu upesi: hapana, alifuata wenzake tu. Mimi sikubali.

Mwezi wa Machi 1933 kijana wa Wales, Gareth Jones, mwenye miaka 27, alishuka garimoshi katika Ukraine akatembea kwa miguu toka kijiji hata kijiji. Serikali ya Stalin ilikuwa imewanyang'anya wakulima nafaka yao, na watu walikufa kwa mamilioni. Po pote alisikia kilio kimoja: mkate hakuna, tunakufa. Tarehe 29 aliyatangaza hayo mjini Berlin.

Kumbe, huko Moscow waandishi wa magazeti ya kigeni walikwisha jua habari ya njaa ile. Lakini baada ya siku mbili tu Walter Duranty, wa gazeti la New York Times, aliandika kwamba Warusi wana njaa, ila hawafi kwa njaa. Yeye alikuwa mtu mkubwa, mwenye tuzo ya Pulitzer ya mwaka 1932. Wengine nao wakamkana Jones.

Kwa nini? Eugene Lyons, mmoja wao, aliungama katika kitabu chake cha mwaka 1937. Walitaka ruhusa ya kuandika habari za kesi ya Waingereza walioshtakiwa Moscow, na mwenye kuwaudhi wakubwa asingeipata. Tena Lyons mwenyewe alikwenda Urusi akiipenda serikali ile mpya, kama walivyoipenda watu wengi wema wa Ulaya na Marekani waliowahurumia maskini. Kuwahurumia maskini si kosa. Lakini waliipenda shauri lao hata maiti za wakulima zikawa kitu cha kuficha, zisije zikawafurahisha maadui.

Duranty peke yake angalikanushwa kwa siku moja. Nguvu yake ilitoka kwa wale waliojua, wakatikisa vichwa kukubali, kama tuonavyo hata katika mikutano yetu mkubwa akisema.

Jones aliuawa huko China mwaka 1935, siku moja kabla ya kutimiza miaka 30. Na mwaka 2003 wakuu wa Pulitzer walipoombwa kumwondolea Duranty tuzo yake, walikataa.