Anayepima Ziwa Ana Deni kwa Nani?
Wakati wa kiangazi wanafunzi na wanasayansi hutoka Gisenyi kwa mashua, wakashusha vipimo ndani ya Ziwa Kivu, zaidi ya mita 400 chini. Huko zimeyeyuka takribani kilomita za ujazo 60 za methani na 300 za kaboni dayoksaidi. Juu yake wavuvi wa sambaza hukesha na taa zao. Mvuvi akiuliza, "Mmeona nini?", je, inatosha kumjibu kwamba utafiti haujachapishwa? Sidhani. Kuogopa kuzusha taharuki kuna msingi: mwaka 1986 gesi ya Ziwa Nyos, Kameruni, iliua watu wapatao 1,700. Lakini anayelala juu ya gesi ndiye wa kwanza kustahili jibu, hata likiwa "ziwa limetulia". Na ajibiwe mchana, maana jioni anarudi majini.