Tuni ya Kufuata

Anayeanza kupiga mandolini na kupenda tuni za asili za Ayalandi hukumbana kwanza na wingi wake: mkusanyo wa Francis O'Neill, uliochapwa Chicago mwaka 1903, pekee una vipande 1,850. Vidole husaidia kuchuja. Mandolini ina nyuzi 8 katika jozi 4, zenye sauti za G, D, A na E kama fidla, hivyo tuni za ufunguo wa D au G hutumia sana nyuzi zilizo wazi, na kidole cha nne, kile dhaifu, hupumzika. Kisha mdundo, ambao hutofautiana kwa aina ya tuni: polka, jigi au rili. Polka ni nyepesi, mkono wa kulia ukishuka na kupanda kwa zamu. Jigi husumbua zaidi: nota zake huenda tatu tatu, na desturi ni kuchapa chini, juu, chini, kisha chini tena, mkono ukishuka mara mbili mfululizo. Rili, kwa kasi yake, ingoje. Kigezo kinachopuuzwa mno ni masikio. Tuni inayopigwa na wenzake mara kwa mara, kama jigi iitwayo The Kesh, mwanafunzi huishika upesi, maana ameshaizoea kabla hajagusa uzi.